Besi Inatoka kwa Jirani

Mwalimu Ndahani kaandika ubaoni namba mbili:
1570, na chini yake 1720.
Chaki ikakatika kwenye sifuri ya mwisho.
"Hapa katikati," akasema, "muziki ulihama nyumba."
Sisi, wapima mahindi wa Kibaigwa,
tukaitazama ile nafasi kati ya namba na namba,
nyembamba kuliko kidole.

Karatasi ya kwanza ni ya Mwamko.
Sauti nne, na hakuna mwenye nyumba.
Soprano analianza neno, halijakauka mdomoni
nami nalidaka, mimi Sechelela,
sauti ya pili tangu Kipaimara.
Tena anatudaka sote, besi anakuja nyuma,
maneno yale yale, kila mtu na njia yake,
kama mashangazi wanne wakisimulia msiba mmoja
na kila mmoja alikuwepo.
Usitafute mpigo. Mpigo ni pumzi.
Tukikutana mwisho wa mstari
tunakutana kama maji chini ya mchanga wa Kinyasungwe,
bila kelele.
Mama alisikia akiwa dirishani, akaniambia jioni:
hii mbona naijua,
ndivyo tulivyokuwa tukitwanga,
michi minne, kinu kimoja,
na hakuna mchi uliogonga mwenzake.

Karatasi ya pili, Baroki.
Hapa mwenye nyumba yupo.
Hapa kuna besi isiyolala, inatembea, inatembea,
juu yake kinanda kinajaza vyumba,
na juu kabisa Nyemo, binti wa Chilewa,
anaivisha kila noti shanga,
anaizungusha, anaikunja, anaikunjua
kama mtu achaguaye kitenge asichokusudia kununua.
Sauti kubwa. Ghafla ndogo.
Ngazi hakuna: mlango wazi, mlango umefungwa.
Furaha imepewa ufunguo wake, huzuni wa kwake,
na wimbo, hata ukizurura vipi,
unajua pa kurudi kulala.
Na alto?
Alto kapewa so na fa. So na fa. So.
Nimesimama kama nguzo shambani,
mzabibu umenipanda mpaka shingoni,
na zabibu zote ni za Nyemo.

Siku ya tatu ya mazoezi umeme ukakatika.
Kinanda kikafa katikati ya ukurasa
na Baroki nzima ikaporomoka:
Nyemo peke yake hewani na shanga zake,
hana ukuta wa kuegemea.
Mtu akacheka. Nadhani ni mimi.
Mwalimu akageuza karatasi. "Ile ya kwanza."
Ile ya kwanza haikujua kama umeme umekatika.

Nilitaka kuishia hapo.
Nilitaka kusema, mnaona sasa,
nyumba isiyo na mwenyewe haina wa kuifilisi.

Lakini nje ya ukuta Lungwa akawasha ya dizeli,
mashine yake ya kusaga,
ikashika sauti moja nene, ya hasira na unga,
karibu na do, chini kidogo.
Mwalimu akainua kidole, akatega sikio
kama anayepima homa ya mtoto.
"Shukeni. Kidogo tena. Hapo hapo."
Tukashuka. Tukakaa juu ya mashine ya Lungwa.
Haikutembea jinsi karatasi ilivyotaka.
Ilisimama. Lakini ilisimama vizuri.
Nyemo akaanza kuvisha noti zake upya,
na mimi, na so yangu, na fa yangu,
nikasikia kwa nyayo, kwenye saruji inayotetema,
uzito wote wa wimbo ukipita kwangu
kwenda chini.

Debe la mwisho likaisha.
Injini ikakohoa, ikazima.
Tulikuwa bado na kurasa mbili.